Mbegu Niliyoitia Chunguni

Kwa yule ambaye gazeti lake la wiki iliyopita lilifungiwa maandazi kabla hajalisoma, namwambia kwa ufupi. Mwanangu Ebeneza alifariki. Mkewe alivumilia msimu mmoja, halafu akapanda lori la mchele akaenda Tunduma kutafuta maisha. Akaniachia watoto watatu: Anitha wa darasa la sita, mdogo wake Isack, na Marystella, ambaye mpaka leo analala na kanga ya mama yake usoni.

Mume wangu nilishamzika zamani. Kwa hiyo nyumba yangu ya Ipinda ilikuwa na midomo minne na mikono miwili ya kizee.

Watu wanasema njaa inaletwa na mvua kukataa. Mimi nawaambia, mwaka ule mvua ilitunyeshea wote sawasawa, na bado tulitofautiana.

Desemba ilipoingia nikaenda kwa Tuntufye. Yeye ndiye mkubwa wa kikundi chetu cha kulimiana. Kila nyumba inatoa watu wazima, leo mnalima kwa huyu, kesho kwa yule, mpaka mashamba yote yameisha kabla maji hayajatuama bondeni.

"Ugonile, Mama Ebeneza," akanisalimu. Bado wananiita hivyo, ingawa Ebeneza mwenyewe hayupo.

"Ugonile, tata," nikamjibu; huku tata ni baba. "Nimekuja kuuliza zamu yangu."

Akaacha kunoa jembe. "Zamu ni mkono kwa mkono, mama. Nyumba ya Lazaro inamleta yeye, mkewe na vijana wao. Tukiwalimia, nao wanatulimia. Wewe utaleta nani?"

"Mimi mwenyewe."

"Mwaka jana ulishika jembe asubuhi, jua halijapanda ukakaa chini. Sehemu yako aliimalizia Lazaro."

Lazaro alikuwa palepale, ameegemea baiskeli. "Mkisi bwana," akasema. "Udongo wa kufinyanga anaujua. Huu wa kulima unamkataa."

Wakacheka. Nami nikacheka, maana ni kweli mimi ni Mkisi wa Ikombe, kule ziwani tunakofinyanga vyungu, na utani huo nimeuzoea tangu nilipoolewa huku.

"Nitamleta Anitha," nikasema.

"Mtoto wa shule hahesabiki, mama. Nikimhesabu wako, kesho kila mtu ataniletea wake."

Hakusema kwa ubaya. Nyumba yenye mume na mke inaazima mikono kwa sababu inayo mikono. Nyumba yangu ilihitaji kusaidiwa kuliko zote, na haikuwa na cha kurudisha.

"Iko njia ya wazee wetu," Tuntufye akasema. "Asiye na mikono anaita watu, anawapikia. Tunakuja kikundi kizima, shamba lako linaisha siku moja. Lakini iwe wali na kitoweo. Kwa uji hatulimi."

"Jumatano?"

"Jumatano."

Nikarudi nyumbani nimeshika kiuno. Wali wa kushibisha kikundi kizima niutoe wapi? Ningekuwa nao, ningekuwa nalia njaa?

Nikavipanga vyungu vyangu vya kiangazi chote kwenye tenga, Anitha akabeba kimoja kichwani, tukaenda sokoni. Sisi Wakisi tuna biashara yetu ya kale: chungu kwa ujazo wake. Anayekitaka anakijaza mpunga, mpunga nachukua mimi, chungu anachukua yeye. Lakini siku hizi kila jiko lina sufuria. Wanawake waligonga vyungu vyangu kwa kidole, wakasikiliza vinavyolia, wakavisifu, wakaenda zao. Waliochukua walichukua vile vidogo.

Nikarudi na mpunga wa kulisha nusu ya watu.

Nilikuwa nimesimama jikoni natazama juu, kwenye dari la moshi ambako naning'iniza mbegu ili wadudu wasiifikie, ndipo akaingia shemeji yangu Yotamu, mdogo wake marehemu mume wangu.

"Shemeji, mbona unaangalia dari kama lina nyoka?"

Nikamweleza.

"Shusha hiyo mbegu upike," akasema.

"Halafu nipande nini?"

"Kwangu ipo. Nina gunia zima nimelifunga. Shamba likishalimwa njoo uchukue ya kupanda."

"Tusekile anajua?" Tusekile ndiye mke wake, na gunia lolote la nyumba ile lina macho yake.

"Nitamwambia leo leo. Nyumba ya kaka yangu imebaki kwa nani kama si kwangu? Pika, shemeji. Watu wakija wakute chungu kinachemka."

"Ndaga fijo," nikamwambia. Asante ya Kiswahili niliiona nyepesi.

Kesho yake tukaitia mbegu kinuni, mimi na Anitha, tunapokezana mchi.

"Bibi, hii si mbegu?"

"Ni mbegu."

"Sasa tutapanda nini?"

"Babu yako Yotamu atatupa."

Akatwanga kidogo, akasimama. "Amekwisha kutupa, au atatupa?"

"Twanga, mwanangu."

Jumatano nikaamka mapema kuliko jogoo. Nikabandika vyungu vyangu viwili vikubwa, vile ambavyo sokoni havikupata mtu, nikaunga usipa, dagaa wetu wa ziwani, kwa nyanya. Harufu ikaamsha watoto. Marystella akaja akiburuta kanga, akanyoosha kidole kwenye mwiko.

Nikampiga kikofi. "Hiki ni cha watu wa jembe. Wewe utakula ukoko."

Hakulia. Alikaa pembeni akawa anauangalia ule mvuke tu.

Wali ulikuwa umekauka maji, nimeufunika majani ya mgomba, nikasikia kilio. Kilitoka upande wa kwa Yotamu. Kwanza sauti moja ya mwanamke, halafu nyingi.

Tuntufye akaja anakimbia. Nilimtazama mikononi. Hakuwa na jembe.

"Pole, Mama Ebeneza. Ni Yotamu. Alikwenda kuoga, wakaona harudi. Wamemkuta ameanguka, amekwisha."

Mungu anisamehe, nitalisema hapa kama lilivyotoka. Sikuuliza amekufaje. Niliuliza, "Na kulima?"

"Mwili haujaingia ardhini, mama. Nani atainua jembe?"

Hiyo ndiyo desturi ya huku. Kijiji kikiwa na maiti, shamba halipigwi jembe mpaka azikwe. Ningekuwa mimi nimekufa, wangenifanyia hivyohivyo. Ningewalaumuje?

"Chakula je?"

"Hicho hakirudi jikoni. Wewe ni mke wa nyumba ile. Kipeleke msibani."

Basi tukakibeba. Vijana waliokuja kunilimia ndio walionibebea vyungu, na ndio waliokaa kwenye majani ya mgomba kwa Yotamu wakala. Wale wale, wali ule ule, jembe tu ndilo halikuwepo.

"Mama Ebeneza," Lazaro akaniambia, anafuta mdomo, "mchele wako unanukia."

"Ungeula ukiwa na jasho ungenukia zaidi," nikamjibu.

Akainamisha kichwa.

Mazishi yakangoja watoto wa marehemu walioko Dar es Salaam. Watu wakazidi kumiminika, wa Ipyana, wa Mbugani, wakwe na wajukuu wa wakwe. Msiba wa huku haumfukuzi mtu, na aliyelala msibani lazima ale. Chakula cha majirani kikaisha. Ndizi zikaisha mpaka zile changa.

Nilikuwa uani na wanawake wenzangu, tumejitanda kanga, ndipo Tusekile alipotoka ndani akikokota gunia. Mdomo wa gunia ulikuwa umefungwa kwa kitambaa chekundu. Sikuhitaji kuambiwa. Huku gunia la mbegu hufungwa rangi ili mtoto asije akalifungua kwa kukosea.

"Leteni kinu," akasema.

"Tusekile," nikamwita. "Hiyo ni mbegu."

"Naijua, dada. Niliifunga mwenyewe."

"Marehemu alikuwa ameniahidi..."

Wanawake wote wakanigeukia. Nikaona aibu kumaliza. Mwenzangu mumewe amelala ndani kwenye jeneza, mimi nadai mpunga.

Tusekile akanisogelea mpaka kanga zetu zikagusana.

"Aliniambia," akasema kwa sauti ya chini. "Usiku ule wa mwisho, tukiwa tunakula. Nikamgombeza. Nilimwambia nyumba ya Mama Ebeneza ni tenga, ukimimina maji hayakai. Akaacha chakula, akaenda kulala. Hatukuongea tena, dada. Ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake."

Nikalitazama lile gunia.

"Sasa tazama watu hawa," akaendelea. "Nikiwalaza njaa watasema nimemzika mume wangu kama mbwa. Wakishiba wataondoka, na mimi nitabaki kama ulivyo wewe, mjane mwenye dari tupu. Usidhani silijui. Nisaidie kutwanga."

Nikashika mchi.

Nimetwanga sana maishani, lakini mpunga ule ulikuwa mzito. Kila nilipouinua mchi nilimsikia Yotamu akisema, njoo uchukue. Nilikuja, shemeji. Niliichukua. Niliipepeta kwa mikono yangu ikaenda kwenye sufuria za watu.

Tukazika. Udongo ulipokauka kidogo juu ya kaburi, nikamfuata Tuntufye.

"Kikundi kimeshahamia kwa Lazaro," akaniambia. Hakuwa ananitazama. "Mama, ningeweza ningekurudisha mbele, lakini kila mtu anaiona mvua. Zamu yako itarudi mwisho. Na watu watataka kula tena, maana kile cha kwanza kimehesabiwa msibani."

"Mwisho maji yatakuwa magotini."

"Najua."

Siku ya kuondoa matanga ukoo ukakaa. Brighton, mtoto mkubwa wa Yotamu, ndiye aliyezungumza. Yeye ana duka Mbugani, anakuja na pikipiki yake nyekundu, na ni kijana mwenye heshima, hilo siwezi kumnyima.

"Mama mkubwa," akasema, "nimesikia mambo ya shamba lako. Sitaki jina la baba libaki na ahadi. Vibarua nitawalipa mimi. Mbegu nitanunua mimi."

Wazee wakaguna kwa kuridhika. Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo nimbariki.

"Ila na mimi nina shida yangu. Mke wangu amejifungua, dukani hakuna mtu. Nipe Anitha aje akae na sisi."

Mdomo ukabaki wazi hivyohivyo.

"Na shule?" nikauliza.

"Mbugani shule zipo, mama mkubwa."

"Najua zipo. Atakwenda?"

Akatazama pikipiki yake. "Mtoto wetu akishachangamka kidogo."

Mzee mmoja wa ukoo akadakia, "Huo ni msaada wa pande mbili. Shamba linalimwa, na nyumba inapungua mdomo. Neli ni mvumilivu, ataelewa."

Neli ndiye mimi. Uvumilivu wangu nimesifiwa tangu nikiwa mwali, na siku ile ndipo nilipogundua kuwa kila aliyeusifu alikuwa na kitu anataka nikiache.

Nikasema, "Niacheni nifikiri."

"Unafikiri nini, mama, na wingu lile?" yule mzee akauliza.

Kabla sijajibu, Anitha akasimama kutoka kule walikokaa watoto. Huku kwetu mtoto hasimami kwenye kikao. Alisimama, mikono nyuma, kama anayejibu swali darasani.

"Baba mdogo, nitakuja."

"Umesikia?" Brighton akasema. "Mtoto ana akili kutuzidi."

"Lakini shamba lilimwe kwanza. Lilimwe lote, na mbegu iingie. Halafu ndiyo nipande pikipiki."

Watu wakacheka. Brighton naye akacheka. "Kumbe huniamini, mwanangu?"

"Nakuamini, baba. Hata babu hakusema uongo. Alikufa tu."

Hapo kicheko kikakatika. Tusekile akajifunika kanga uso mzima.

Tukarudi nyumbani. Anitha alifua sare zake akazianika. Zilipokauka, lile shati jeupe akamvalisha Isack, akalivuta mabegani, akarudi nyuma kulitazama.

"Litamkaa," akasema. "Mikono akunje."

"Sitaki," Isack akasema. "Ni la msichana."

"Shati halijui msichana. Kaa wima."

Nikatoka nje. Nilijifanya nafuata kuku.

Jumamosi wakaja. Brighton alikuwa ametimiza kila neno: vibarua, kikundi cha Tuntufye ambacho siku hiyo hakikuwa na zamu, na gunia la mbegu juu ya pikipiki. Wakajipanga mstari mmoja kuanzia kwenye mgomba wa mpakani, majembe yakaanza kupanda na kushuka. Nyuma yao wanawake wakapanda mbegu palepale, Tusekile akiwemo, na kilemba chake cha kanga ya msiba kichwani.

Hiyo ndiyo picha niliyoiomba kwa Mungu tangu Ebeneza aondoke. Shamba langu limejaa watu. Nilipaswa kupiga vigelegele.

Badala yake nilisimama ukingoni nikaanza kuomba jambo ambalo hakuna mkulima amewahi kuomba. Niliomba shamba lirefuke. Niliomba wakute jiwe, wakute kisiki, mpini uvunjike. Kila pigo la jembe lilikuwa linamsogeza mjukuu wangu karibu na ile pikipiki, na wao walikuwa wanalima vizuri, hawapumziki, wanaimba.

Wakifika katikati, nikasema bado. Wakipita katikati, nikasema bado. Jua lilipoanza kuegemea upande wa milima, kilikuwa kimebaki kipande kimoja tu chini kule, upana wa mkeka au miwili.

Sijui miguu ilinipelekaje. Nilijikuta nimekwisha fika kwenye kile kipande, katikati ya nyasi ambazo hazijaguswa, nikakunja kanga, nikakaa chini.

Mstari wa majembe ukaja mpaka mbele yangu, ukasimama.

"Mama Ebeneza, tupishe tumalizie," Tuntufye akasema.

"Nimechoka, tata. Acheni nipumzike kidogo."

"Ungepumzika kule kivulini."

"Miguu imechokea hapa."

Lazaro akaanza kucheka, akiandaa utani wake wa Mkisi. Akanitazama vizuri usoni, akauacha. Akalaza jembe lake chini taratibu, na wengine wawili wakalaza yao.

Kule barabarani Brighton akapiga honi mara moja. Hakupiga kwa hasira. Alikuwa anaukumbusha muda tu, kwa maana wingu lilikuwa limeshafika juu ya Ipinda.

Nikamwona Anitha anashuka. Alikuwa amebeba kifurushi chake kichwani, amevaa gauni la kanisani, na anakanyaga kwenye ukingo ili asiharibu mahali mbegu ilipoingia. Marystella alikuwa anamfuata nyuma amemshika gauni, na Isack ndani ya shati lile, mikono imekunjwa.

Alifika akasimama mbele yangu. Wanaume wakampisha kama wanavyompisha mtu mzima.

"Bibi."

"Mh."

"Kimebaki hiki tu."

"Nakiona."

"Wakikiacha, nyasi zitaanzia hapa, zitakula na kule walikolima."

Kweli alikuwa anajua kulima kuliko mimi. Nikashika nyasi kwa mikono yote miwili, kama mtu anayesombwa na maji.

Anitha akatua kifurushi, akaninyooshea mkono.

"Inuka, bibi," akasema. "Watu wanasubiri."